ANANIA ALIMFUATA SAULI NYUMBANI
(Somo: Matendo ya Mitume 9:1-28)



Sote tunajua habari ya Sauli wa Tarso. Alisoma sheria miguuni pa Gamalieli. Watu walipomwua Stefano kwa mawe, yeye alilinda nguo zao, tena alikubali kifo kile. Halafu akaomba barua kwa kuhani mkuu ili aende kuwafunga wakristo wa Damasko, wanaume na wanawake. Karibu na mji nuru ikamwangusha, na Yesu akamwuliza sababu ya kumtesa. Siku tatu hakuona, hakula wala hakunywa.

Tukihubiri habari hii tunapenda sana ile nuru ya njiani. Leo tumtazame Anania. Nuru ilimwangusha Sauli, lakini macho yake yalifunguka chini ya mikono ya mtu. Na mtu huyo ni mmoja wa wale ambao Sauli alikuja kuwafunga! Bwana alipomtuma, Anania aliogopa, akasema mabaya yote aliyosikia. Mungu hakumkemea kwa woga wake, lakini amri haikubadilika. Basi akaenda mpaka njia iitwayo Nyoofu, nyumbani kwa Yuda, akaweka mikono juu ya adui na kumwita ndugu. Alimwita hivyo kabla ya ubatizo, kabla Sauli hajahubiri hata neno moja.

Jambo hili halikuishia Damasko. Katika Congo yetu, kule Mboga, Ituri, mhubiri Apolo Kivebulaya alifika mwaka 1896 akitoka Uganda. Mwami Tabaro alimtesa. Apolo alipigwa, akashitakiwa mauaji ambayo hakuyafanya, akafungwa gerezani kule Toro. Alipofunguliwa angeweza kubaki kwao. Lakini alirudi Mboga, kwa Tabaro yule yule. Mwishowe mwami alibatizwa, na jina alilopewa ni Paulo. Apolo alikufa mwaka 1933, akazikwa pale pale Mboga.

Sasa tuje kwetu Walungu. Mimi shemasi ninayeandika nina deni. Siku moja ya Mungu nilikuwa ninalinda mlango wa kanisa. Kijana wa kilima chetu, aliyetoka porini na kutoa silaha, alikuja na Biblia ya marehemu mama yake mkononi. Nilimwambia angoje nje mpaka wazee wakutane. Alingoja chini ya mkaratusi. Mvua ikanyesha, akaenda zake. Mpaka leo wazee hawajakutana. Siku ya soko ninamwona Mugogo akibeba magunia. Ananisalimia, mimi ninaangalia chini.

Sisemi tusahau. Kati yetu wamo wajane na mayatima. Wamo mama zetu ambao hawawezi kutaja yaliyowapata usiku. Machozi yao Mungu anayajua yote. Paulo mwenyewe hakuficha kosa lake. Aliandika kwamba hastahili kuitwa mtume, kwa sababu alilitesa kanisa. Anayetubu aseme kweli, na kama alitenda uovu, ajibu mbele ya sheria. Lakini atamwambia nani kweli hiyo, kama hatuna sikio? Tukimfungia mlango wa kanisa, mlango wa pori ungali wazi.

Wapendwa, Anania hakungoja Sauli aje kubisha. Alimfuata nyumbani. Wiki hii nitapanda kilima mpaka kwao kijana yule, nimwombe msamaha wa siku ile ya mvua. Nani atafuatana nami? Na siku ya Mungu ijayo, tafadhali, sogeeni kidogo kwenye benchi ya mbele. Acheni nafasi ya mtu mmoja.

Bwana atupe mikono ya Anania. Amina.