Sadaka Yetu na Siri ya Mtoto



Jumapili moja ya baridi, baada ya Misa na baada ya mnada wa kabichi, viazi na kuku wa sadaka, tulibaki nje ya kanisa tukiota jua kama ilivyo desturi yetu hapa Lushoto. Mtunza hazina akatusomea barua ya kuomba msaada. Ilitoka kwa watu wanaoendesha shule ndogo ya watoto waliokimbia vita vya mashariki ya Kongo, vita vilivyozidi tangu mji wa Goma ulipotekwa Januari 2025. Wanahitaji madaftari, madawati na posho ya walimu wawili.

Hakuna aliyesema tusitoe. Lakini ndugu yetu mmoja, mtu mwema na mtoaji hodari, akasema, "Watuletee kwanza picha ya mtoto mmoja na habari zake, aliona nini, wazazi wake walikufaje. Hapo mioyo ya watu itaguswa, na kapu litajaa."

Wengi tuliitikia kwa kichwa. Hata sisi tunaoandika haya tuliitikia. Usiku ndipo neno lile lilipotunyima usingizi. Je, mtoto aliyeponea chupuchupu vitani, akirudishwa darasani kwa hisani ya watu, anadaiwa kitu? Na kama anadaiwa, je, malipo yake ni kutuonyesha jeraha lake?

Kwanza tusidhani kwamba habari za watoto wa vita ni za watu wa mbali. Milima yetu hii imewahi kuwa Kongo. Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala kutoka Vuga, alifariki mwaka 1862, na umoja wa nchi ukafa pamoja naye. Semboja, aliyekaa Mazinde kwenye njia ya misafara na kupata bunduki, alipigana na Shekulwavu, mjukuu na mrithi wa Kimweri, akamfukuza Vuga. Wabondei nao wakaasi utawala wa Wakilindi. Katika vurugu hizo waliotekwa waliuzwa. Wakateremshwa kutoka milima hii hadi Pangani, wakavushwa Pemba na Unguja, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Basi huenda katika ukoo wa kila mmoja wetu yuko bibi au babu aliyenusurika, au asiyerudi.

Katika miaka ile ile, mwaka 1864, Askofu Tozer na Dakta Steere walifika Unguja. Sultani Majid akawapa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa, na hao ndio wanafunzi wa kwanza wa misioni iliyotuzaa. Baadaye ikasimama shule ya Kiungani, nje kidogo ya mji, nayo iliendeshwa kwa michango ya Wakristo wa Uingereza ambao wengi wao hawakupata kuiona Unguja. Mmoja wa wale watano, John Swedi, akawa shemasi mwaka 1879. Mwingine aliyesoma hapo baada yao, Cecil Majaliwa, mtoto wa Kiyao aliyekuwa mtumwa, alipewa upadri mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza wa misioni ile kupata daraja hiyo. Kiungani ikawa chuo cha walimu, vijana wa Magila wakapelekwa huko kusoma, na mwaka 1925 kazi yake ikahamishiwa Minaki. Kwa hiyo sisi tuliokula chaki zaidi ya miaka thelathini hatuna budi kukiri kwamba ualimu wetu una mizizi yake katika shule ya watoto waliotekwa, iliyolishwa kwa sadaka.

Mwaka 1887 kilitolewa huko London kitabu kiitwacho Kiungani. Ndani yake wanafunzi wa shule ile walieleza habari za makwao na jinsi walivyotekwa na kuuzwa. Mwalimu wao A. C. Madan, yule yule wa kamusi, ndiye aliyezifasiri na kuzipanga kwa Kiingereza. Ni kitabu cha thamani. Bila hicho sauti za watoto wale zingezimika, na watu wa leo wangejua habari za utumwa kutoka kwa watu wakubwa na wageni tu. Hatumhukumu Madan. Hata hivyo mtu aliyewahi kuwa mwalimu hujiuliza swali moja: mtoto akiombwa kuandika habari za msiba wake, naye aombaye ni yule yule anayempa chakula na kitanda, je, aweza kusema "Hapana, sitaki"?

Tunauliza hivyo kwa sababu sisi wenyewe tulipata kumwomba mtoto jambo hilo, na tulikosa.

Mwaka 1994 tulikuwa tukifundisha mkoani Kigoma. Warundi walikuwa wamevuka mpaka kwa maelfu tangu Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye alipouawa. Karibu na shule yetu shirika moja la hisani lilifungua madarasa ya watoto wao chini ya miti, nasi tuliombwa kufundisha Kiswahili saa za alasiri. Alikuwako mvulana wa miaka kama kumi na mitatu, aliyeketi kwenye magogo pamoja na watoto wa miaka saba, magoti yakikaribia kidevu. Hakuwa msemaji. Lakini alipenda hesabu, na akipewa chaki aende ubaoni alisahau kila kitu, hata urefu wake uliokuwa ukimwaibisha mbele ya wadogo.

Siku moja ikaja habari kwamba wageni wanaotoa fedha watatembelea madarasa, na ingefaa mtoto mmoja awaeleze yaliyompata. Hakuna aliyetulazimisha. Tulimchagua yule mvulana kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa bora kuliko cha wenzake. Akasimama mbele ya ubao, akaeleza habari za nyumbani kwao na za usiku ule. Hatutaziandika hapa. Wageni walilia, wakapiga picha. Haukupita muda mrefu mabati yakaja, na mvua zilipoanza watoto walikuwa chini ya paa.

Kesho yake, kipindi kilipoanza, alituuliza kwa adabu, "Mwalimu, na leo nisimame?"

Tangu siku ile, kila gari liliposikika barabarani, aliweka daftari chini akaenda nyuma ya vyoo mpaka gari lipite. Ubaoni hakukubali kwenda tena. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na ung'ongo huu tuliusokota sisi kwa mikono yetu. Mabati tuliyapata, na yalizuia mvua kweli, hatuwezi kukana. Lakini aliyeyalipia ni yeye, na alilipa kwa hesabu zake.

Basi kuna watakaosema: "Mwalimu, kwani ni vibaya mtu kueleza masaibu yake? Si huondoa uchungu?" La hasha, si vibaya, na mfano tunao karibu. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914 Wajerumani waliwafunga wamisionari wa Kiingereza, na baadaye wakawakamata mapadri na walimu Waafrika wa misioni hiyo, wakawatia minyororo na kuwapeleka Tabora. Wengine walifia kifungoni. Miongoni mwao alikuwamo Padri Samuel Sehoza wa Bonde. Mwaka 1921 kilichapishwa kitabu chake, Mwaka katika Minyororo. Aliandika akiwa mtu mzima, vita vikiwa vimekwisha, kwa Kiswahili, ili wasomaji wake wa kwanza wawe watu wake mwenyewe. Hakuna aliyemwekea sahani ya ugali mezani akamwambia, "Simulia kwanza."

Hapo ndipo tuonapo mpaka. Msiba ni mali ya aliyepatwa nao. Akitaka kuusimulia, wakati autakao, kwa mtu amwaminiye, ni haki yake, na anayesikiliza amepewa amana. Lakini ukiombwa kuwa kiingilio cha darasa au bei ya bati, hapo umeuzwa. Na mtoto aliyekwisha kunyang'anywa nyumba, shamba na ndugu, aliyebakiwa na siri yake peke yake, si haki tumpokonye na hiyo tukisema ni kwa faida yake.

Twaweza pia kujidanganya kwa machozi yetu wenyewe. Mtu akisikia habari ya kutisha akalia, hutoka amejisikia mwema, kama kwamba kulia ni kusaidia. Fundisho la Bwana wetu juu ya mkono wa kuume na wa kushoto tumezoea kulisoma kama onyo kwa mtoaji asijisifu. Twaona linamlinda na mpokeaji, apate kupokea bila kuanikwa. Wazee nao walisema, tenda wema uende zako. Hawakusema, tenda wema ungoje usimuliwe.

Lakini ndugu yetu wa barazani alikuwa na hoja nyingine ambayo haifai kupuuzwa. Alituambia baadaye, "Mwalimu, sadaka huliwa. Tutajuaje kama shule hiyo ipo?" Kweli huliwa. Kutaka kujua senti ya mjane imekwenda wapi si ukosefu wa imani, ni wajibu. Ila tuulize kinachopasa. Tuulize hesabu ya madawati na stakabadhi zake. Tuulize walimu wangapi wamelipwa, na kwa miezi mingapi. Tuulize watoto waliokuwa darasa la pili mwaka jana, wangapi wamefika la tatu. Daftari la mahudhurio na kitabu cha fedha vinatosha kumfichua mwizi. Picha ya mtoto anayelia haimfichui. Mwizi hodari anazo picha nyingi kuliko mtu mwaminifu.

Na kwamba hisani kubwa yawezekana bila kufunua watoto, nchi yetu imeshuhudia. Baada ya risasi za Soweto, Juni 1976, vijana wengi wa Afrika Kusini walikimbilia ng'ambo ya mipaka. Tanzania ilitoa shamba la zamani la mkonge huko Mazimbu, Morogoro, na mwaka 1978 chama cha ANC kikaanza shule hapo. Ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya Makaburu Aprili 1979. Fedha na vifaa vilitoka Sweden, Norway, Uholanzi na kwingineko. Wanafunzi wengi waliitwa kwa majina ya bandia, kwa kuwa jina la kweli lingeweza kuwaletea hatari ndugu waliobaki nyumbani. Maana yake, watu wa Ulaya walijenga madarasa, mabweni na karakana kwa ajili ya watoto ambao hata majina yao halisi hawakuyajua! Mwaka 1992 majengo yalikabidhiwa kwa Tanzania, na sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Wafadhili walionyeshwa majengo na mashamba, nayo yalitosha.

Je, basi, mtoto hadaiwi chochote? Sisi twaona deni lipo, ila halirudi kwa mtoaji. Huenda mbele. Watoto wa Kiungani hawakuwalipa watu wa Uingereza. Waliwafundisha watoto wengine, na hao wengine wakawafundisha wazazi wetu. Wala tusimtwike mtoto mzigo wa kuwa padri au daktari ndipo tuone sadaka yetu imezaa. Akijua kusoma barua ya nduguye, na kupiga hesabu ya magunia yake asipunjwe sokoni, yatosha. Na hata asipofika hapo, alistahili kuketi darasani, kwa kuwa ni mtoto.

Mtoto aliyetoka vitani anahitaji vitu vidogo ambavyo sisi twaviona vya kawaida. Anahitaji kengele ilie saa ile ile kila siku. Anahitaji mahali pake pa kuketi ambapo kesho atapakuta, na mwalimu asiyehamishwa kila muhula. Aliyechelewa miaka mitatu au minne asiketishwe na wadogo mpaka aone haya akaacha. Atengewe darasa la wakubwa wenzake, kama tulivyofanya wenyewe katika miaka ya 2000 kwa mpango wa MEMKWA wa watoto walioikosa shule. Zaidi ya yote anahitaji saa kadhaa kila siku ambazo yeye si mkimbizi wala yatima wala habari ya kusimuliwa. Awe mwanafunzi tu, anayekosea kugawanya akasahihishwa kama wengine. Saa hizo ndizo tunazonunua tunapotia fedha kapuni.

Tulizungumza na ndugu yetu kwa kirefu, tukakubaliana. Mtunza hazina ameandika kuomba orodha ya mahitaji na bei zake, pamoja na ahadi ya kutuletea hesabu kila muhula. Picha hatukuomba. Kapu litapitishwa Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, na wenye mazao kuliko fedha wayalete kwenye mnada kama kawaida.

Yule mvulana wa Kigoma, kama yu hai, sasa ni mtu mzima wa miaka arobaini na kitu. Hatuna njia ya kumwomba radhi. Tumeona tuwaombe ninyi, ndugu zetu, msimtende mwingine tulivyomtenda yeye. Mungu awabariki nyote.