Jumla Iliyolala

"Mwanangu, hesabu yako imelala."

Aliyesema hivyo ni mama muuza vitumbua, mwanachama wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Aliyasema Jumapili mbele ya wote, kaunta buku yake ikiwa wazi mapajani. Mimi mweka hazina nilikuwa na kompyuta mpakato. Yeye alikuwa na kalamu iliyofungwa uzi. Nilikuwa nimetoka kuingiza hisa zake za wiki tatu, elfu kumi kila wiki, nikasoma jumla: 340,000. Akasema hapana, ni 370,000. Nikamjibu, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kwamba kompyuta haikosei.

Kweli haikukosea; ilitii tu. Asubuhi ile nilikuwa nimeanza kwa kufungua faili moja zito la kazini, ambalo mwenyewe alilizuia lisikokotoe mpaka liamriwe. Excel hushika utaratibu wa faili linalotangulia kufunguliwa, na yanayofuata yote huswali nyuma ya imamu huyo huyo. Faili la kikundi likajiunga na safu. Namba mpya zikakaa mahali pake, jumla ikabaki ya mwezi uliopita. Pale chini kushoto palikuwa na kineno cha Kiingereza cha kunikumbusha nikokotoe. Nani hutazama huko?

Nikabonyeza F9. Jumla ikaruka hadi 360,000. Mama akatikisa kichwa: bado.

Ilinichukua muda kuiona. Elfu kumi moja ilikuwa imeegemea kushoto mwa kisanduku chake, wenzake wote wakiwa kulia. Nilikuwa nimeiandika kama tunavyoandika kwenye risiti za dukani: 10,000/=. Kwa alama zile za mwisho Excel ikaihesabu kuwa ni maneno, na fomula ya kujumlisha ikaipita kimya kimya. Ukimya huo ndio ulioniudhi. Jumla ya zamani haina kutu wala harufu. Inakaa pale pale, kwa wino ule ule mweusi, na unaisomea watu kwa kujiamini.

Sina ugomvi na aliyebuni zuio lile la kukokotoa. Programu ya majedwali ya VisiCalc ilipotoka mwaka 1979, kompyuta za mezani zilikwenda mwendo wa kobe, na kungoja jedwali zima lihesabiwe upya kila uandikapo tarakimu ilikuwa adhabu. Hata leo faili lenye maelfu ya fomula huweza kukufanya unywe chai ukisubiri. Mwenye faili lile la kazini alikuwa na sababu yake. Ila mimi nililibeba zuio lake bila sababu, mpaka kwenye hisa za mama wa vitumbua.

Usiku ule nilimfikiria mdogo wangu. Mwaka 2009 alikula ada ya shule tuliyomtuma apeleke. Nilikasirika, na nilikuwa na haki. Tangu hapo nimekuwa nikimsomea jumla ile ile: si mtu wa kuachiwa pesa. Katikati ameoa, amefungua karakana ya pikipiki, na miaka mitatu sasa dawa za presha za mama yetu ananunua yeye. Yote hayo nimeyaona na nimeyasikia, nimeyaingiza, kama hisa za Jumapili. Jumla haikusogea. Mwezi jana nilimpigia simu kumdai risiti ya dawa. Akaituma bila neno.

Siku hizi nafungua faili la kikundi kabla ya faili lolote jingine, na pesa naandika tarakimu tupu, bila ile alama ya dukani. Mama wa vitumbua nimemwomba radhi mbele ya wanachama wote, akacheka, akasema mtoto akikosea hesabu hurudishiwa daftari.

Mdogo wangu bado sijamwomba.