Mlima Usiomkatalia Mtu

Tangu gemu ya Breath of the Wild ya kampuni ya Nintendo itoke Machi 2017, wahakiki wengi wamesifia uhuru wake. Mlima wowote unaouona kwa mbali unapandika. Gemu hiyo ilitwaa tuzo ya gemu bora ya mwaka katika The Game Awards, na nakala zaidi ya milioni 30 zimeuzwa. Je, inastahili sifa hizo? Morogoro, mji uliokaa chini ya kilele cha Lupanga, swali hili haliwahusu mashabiki wa gemu peke yao. Linauliza nini maana ya kuwa huru mbele ya mlima.

Haki itendeke kwanza: ufundi wake ni wa hali ya juu. Mwongozaji wake, Hidemaro Fujibayashi, alipima ukubwa wa nchi ya kubuni ya gemu hiyo kwa kutumia ramani ya Kyoto. Ardhi ikainuliwa kwa umbo la pembetatu, ili kila kilima kifiche jambo na kulifichua mchezaji anapokizunguka. Mvua ikinyesha mwamba unateleza. Pumzi ikimwishia mpandaji, anaanguka. Anayefika kileleni amefika kwa kutazama na kukadiria.

Sifa hiyo ni halali. Ya uhuru ndiyo yenye mushkeli.

Katika gemu hii, mwezi mwekundu ukichomoza maadui wote waliouawa hufufuka, na mti uliokatwa huota tena baada ya muda mfupi. Hakuna kosa linalodumu. Katika Milima ya Uluguru, yenye kilele hicho cha Lupanga, mambo hayaendi hivyo. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito, udongo wenye rutuba ukafukiwa chini, na mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo. Ardhi ile ilikuwa ya koo, ikirithiwa kwa upande wa mama. Kila jembe lililopigwa pale lilimgusa mtu. Hata leo msitu ukifyekwa huko juu, Mto Ruvu unaumia, na Dar es Salaam inakunywa maji ya mto huo.

Mtetezi wa gemu atajibu kwamba mchezo ni mchezo. Ana hoja. Mwanahistoria Mholanzi Johan Huizinga aliandika mwaka 1938 kwamba mchezo huwa na mipaka yake, nje ya shughuli za kila siku, na ni kweli mtoto anahitaji mahali pa kukosea bila kumuumiza mtu. Basi isifiwe kama mchezo mzuri. Ikiitwa ulimwengu, tena ulimwengu huru, ni haki kuuliza nani mwingine anaishi humo.

Gemu hii ina vihekalu 120, na watawa wake wamekaa miaka 10,000 wakimngoja shujaa mmoja tu: anayecheza. Kusini mwa Uluguru, kwenye pango la mzimu Kolelo, mambo yalikuwa kinyume. Watu walitoka hata Uzaramo, nchi ya Wazaramo, kwenda huko kuomba mvua, na aliyengoja alikuwa mwombaji. Mzimu ule haukuumbwa kwa ajili yake. Uliweza kumnyima, na uliweza kumdai. Mwaka 1905 habari zilienea Uzaramo kwamba Kolelo amekataza kuwalipa Wajerumani kodi. Kuitii amri hiyo kulikuwa na gharama ya damu, kwa kuwa mwaka huohuo Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani vilizuka.