Ngoma ya Watoto Iliyokesha

Wazee walisema ngoma ya watoto haikeshi. Ukiitazama paredi ya asubuhi katika shule zetu za msingi utawapa haki. Nyimbo za mchakamchaka huzuka na kufa kama uyoga wa masika; kiranja aliyezianzisha akimaliza darasa la saba, huondoka nazo.

Ila ipo moja iliyokesha. Mwaka 1897 Enoch Sontonga, mwalimu Mxhosa aliyeongoza kwaya katika shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, aliwatungia wanafunzi wake wimbo, Nkosi Sikelel' iAfrika. Hakuwa na bendera wala chama. Alikuwa na watoto wa kuimbisha. Akafa mwaka 1905, wimbo ukaendelea na safari. Mwaka 1912 uliimbwa Bloemfontein, kwenye mkutano uliozaa chama kilichokuja kuitwa ANC. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, sauti ile ile ilivikwa maneno ya Kiswahili ikawa wimbo wa taifa. Zambia nayo ikaichukua mwaka 1964 na kuipa maneno yake. Afrika Kusini, kwao mtunzi, iliufanya wimbo wa taifa mwaka 1994 tu. Hivyo mtoto wa Kondoa na wa Mtwara, wasioonana maishani, husimama asubuhi moja wakiimba wimbo wa shule isiyo yao.

Umekesha kwa nini? Naona ni kwa sababu mwalimu yule hakuiombea shule yake. Aliliombea bara zima, na kila aliyefika baadaye alikuta nafasi yake imo.

Jandoni ilikuwa hivyo hivyo: wimbo uliwafunda wote waliolala kambi moja, shujaa na mwoga, na rika zima likatoka na sauti moja. Sasa sikiliza nyimbo za shule nyingi za leo. Tumeongoza mkoa, majengo yetu ya ghorofa, mkurugenzi wetu hoyee! Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na yule aliyeshika mkia darasani auimbeje ubeti wa ufaulu? Hufumba mdomo, na hapo ndipo anapojua kwamba yeye ni mgeni katika shule yake mwenyewe. (Shule nyingine zimerekodi wimbo wao kabisa: spika inaimba, watoto wamesimama tu. Sijui nani hapo anafundwa.)

Mwalimu atakayepewa kazi ya kutunga wimbo wa shule na ataje mlima unaoonekana kutoka uwanjani, ataje wanakijiji waliofyatua matofali ya madarasa na mama anayekoroga uji, kisha awaombee hata watoto wa shule ya jirani wanaowafunga mpira kila mwaka. Ufaulu una mahali pake: ubao wa matangazo, nje ya ofisi ya mwalimu mkuu.