Jina Langu Halikuwa Mali ya Kampuni

Desemba iliyopita nilifika Kiirua usiku, kwa makusudi. Matatu ya kutoka Meru mjini ilinishusha stejini saa mbili, nikashukuru kwamba stima zilikuwa zimepotea. Sikuwa nimeiba. Nilikuwa nimefutwa kazi tu. Lakini pale kwetu kuna wakulima 11 waliouzia kampuni yetu viazi na mpaka leo hawajalipwa, na aliyewasajili ni mimi.

Nianze na raha, maana ilikuwepo. Nilipoingia tulikuwa watu 14 ndani ya nyumba ya kupanga Nairobi. Kabla mwaka haujaisha tulikuwa zaidi ya mia. Kila wiki sura mpya, cheo kipya. Nikiwa na miaka 25 nilikuwa naongoza watu walionizidi umri. Nilimnunulia mamangu tangi la maji. Na kazi yenyewe ilikuwa na maana: kumuunganisha mkulima wa viazi na mwenye kibanda cha chipsi, broka akae kando. Nimekua nikiona mabroka wakija na gunia lililoongezwa kilemba juu, halafu wanalilipia kama gunia la kawaida. Kanuni za viazi za 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50, lakini huko shambani mwenye lori ndiye kanuni. Sisi tulikuja na mizani. Nani angekataa?

Basi bosi akauliza nani anatoka mahali wanalima viazi. Nikainua mkono.

Hapa ndipo swali langu linaanzia. Wale wakulima hawakuamini programu ya simu. Walimwamini kijana wa mwalimu, aliyesoma na watoto wao. Imani hiyo ilichukua miaka 30 kujengwa, na si mimi niliyeijenga, ni mamangu. Kampuni iliipata bure, asubuhi moja, ndani ya ukumbi wa kanisa. Kwenye vitabu vyake kulikuwa na malori, kompyuta na mishahara. Jina la mamangu halikuandikwa popote.

Halafu pesa za wawekezaji zikaisha. Tuliitwa kwenye kikao cha video cha dakika 9. Kufikia saa ya lanchi akaunti zetu zilikuwa zimefungwa, na kampuni ikawekwa chini ya msimamizi.

Si sisi peke yetu. Twiga Foods, iliyoanza mwaka 2014 kwa kununua ndizi kwa wakulima na kuziuza mjini, ilichangisha dola milioni 50 mwaka 2021. Agosti 2023 ilikuwa inaachisha kazi watu 283. Copia, iliyowafikia wanunuzi wa mashambani kupitia mawakala wenye maduka, iliwekwa chini ya wasimamizi Mei 2024. Ukuaji wa namna hii hulipiwa na faida ambayo bado haijaonekana. Mwekezaji anajua hiyo ni kamari, na ameweka pesa kwingine pia. Mfanyakazi naye ana Sheria ya Ajira ya 2007: notisi ya mwezi mmoja, na angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia. Mkulima asiye na dhamana anasubiri nyuma kwenye foleni. Na Shangi haisubiri. Ukishaivuna inachipua haraka, lazima uuze. Kwa hivyo hatari ilibebwa na mtu ambaye hakuambiwa ipo.

Marafiki wananiambia, "Buda, hata wewe ulichezwa." Ni kweli. Sikujua pesa zinaisha, kwa hivyo sikudanganya mtu. Lakini hatia na deni si kitu kimoja. Hata kama sikujua chochote, nilipokea imani yao na nikapandishwa cheo kwa sababu yake. Utaniuliza: kama kila karani atawajibikia madeni ya bosi, nani atajaribu kitu kipya? Nakubali. Siwezi kulipia viazi vya watu 11, na sidhani napaswa. Ila kati ya kulipa kila kitu na kuingia kijijini usiku, kuna nafasi kubwa sana.

Asubuhi mama jirani alinikuta nikichota maji kwenye lile tangi. "Kijana wangu, siku hizi unatembea usiku kama fisi?" Nikaanza kumweleza habari za wawekezaji. Akanikata. "Simu ya kampuni nimepiga, haishiki. Yako inashika. Mbona huchukui?"

Sikuwa na jibu. Jioni hiyo walikuja 7 kati ya wale 11. Niliwaambia ukweli, kwamba huenda wasipate hata nusu. Kisha tukaandika dai la kila mmoja, kilo na tarehe, la kupeleka kwa msimamizi. Mmoja wa wale ambao hawakuja hanisalimii mpaka sasa. Simlaumu.

Mwezi uliopita kampuni nyingine changa iliniita. Wanatafuta mtu "mwenye watu mashinani". Niliwauliza pesa walizo nazo zinatosha miezi mingapi, na kama mkulima atalipwa kabla lori halijaondoka shambani. Wakasema watanijibu. Bado nangoja, na kodi ya nyumba inadaiwa.