Deni la Uhuru

Dawa ya deni ni kulipa. Neno hili halina ubishi deni likiwa la fedha. Likiwa deni la uhuru wa mtu, huzuka swali: siku ya malipo ipangwe na nani, mdai au mdaiwa? Maisha ya Robert Carter wa Virginia, Marekani, yanafaa kulipima swali hilo.

Carter alizaliwa mwaka 1728 katika ukoo wa matajiri wa tumbaku. Babu yake aliitwa Mfalme kwa wingi wa ardhi na watumwa wake. Lakini tumbaku huchosha ardhi. Kwa hiyo mjukuu aliipunguza, akapanda ngano, akajenga vinu vya unga, akawa na hisa katika kiwanda cha chuma cha Baltimore. Mali ilibadili sura, walakini haikubadili mikono: shambani na penye tanuri, watumwa ndio waliotoka jasho. Maarifa mapya ya kuchuma mali si maadili mapya.

Moyo wake uligeuzwa na jambo jingine. Mwaka 1778 alibatizwa na Wabaptisti, akasali pamoja na watumwa. Mwaka 1782 sheria ya Virginia ilimruhusu bwana kuwaacha huru watumwa wake bila idhini ya serikali. Mwaka 1791 Carter aliandika hati ya kuwaacha huru watu zaidi ya 450. Thomas Jefferson, aliyeandika mwaka 1776 kwamba watu wote wameumbwa sawa, hakuwaacha huru ila wachache.

Lakini hati ile iliweka zamu: watu wazima 15 kila mwaka tangu 1792, na watoto wangoje mpaka wakue. Wenye kuitetea zamu hiyo watasema, haraka haraka haina baraka. Waliokuwa wakingoja wangejibu, ngoja ngoja huumiza matumbo. Semi zote mbili ni za kweli. Ila subira ni wema kwa yule anayeichagua, nayo ni adhabu kwa yule anayechaguliwa. Aliyepanga zamu alilala bwana. Waliopangwa waliamka watumwa. Carter alifariki mwaka 1804, na zamu za watoto wengine zilikuwa hazijafika.

Sifa yake haipungui mbele ya wenzake ambao hawakulipa chochote. Lakini historia huiita hati ile Hati ya Zawadi, na jina hilo halifai. Mdaiwa alipapo deni, hata akilipa lote, hatoi zawadi.