Gari Lililofungwa kwa Kardani

Banalia ni mahali pa kungoja. Ukitoka Kisangani kwa barabara ya Buta, baada ya kilomita 128 za udongo mwekundu unaukuta mto Aruwimi umeikata njia, na huna la kufanya ila kukaa hadi kivuko kirudi kutoka ng'ambo. Huku kila mtu anakiita baki. Ndiyo maana asubuhi ile nilikuwa nimekaa hatua chache tu kutoka uani kwa mwalimu mmoja, na kikombe cha chai mkononi, nikimtazama anavyolitengeneza gari lake.

Lilikuwa Hilux kuukuu. Siku za shule lilipumzika chini ya mwembe. Jumamosi lilipeleka mihogo na ndizi Kisangani, na hapo ndipo karo za watoto zilipotoka. Wiki hiyo kardani, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, ilikuwa imeanza kugonga. Ule msalaba mdogo wa chuma unaoiunganisha na gia boksi ulikuwa umekwisha, na mpya ulikuwa umefika kwa pikipiki. Fundi alitaka pesa ambazo mwalimu hakuwa nazo. Isitoshe, alikuwa ameiona kazi hiyo ikifanywa mara mbili: boliti nne, basi.

Hakuwa mzembe, na hili nalisema mapema kwa sababu watu wakisikia habari kama hizi hupenda kumtafuta mpumbavu. Breki ya mkono ilikuwa imekufa tangu zamani, kama ilivyo kwa nusu ya magari ya njia hii, kwa hiyo aliliweka gari kwenye gia ya kwanza. Akalisukuma kwa kiganja, halikujongea. Akachukua kriki yake, ile fupi ya mafuta inayofanana na chupa, akaisimamisha juu ya tofali la kuchoma, akaiinua pua ya gari hadi akapata nafasi ya kulala chali. Kriki iliandikwa tani 5. Gari zima lina tani moja na nusu hivi. Kwa hesabu ya darasani, alikuwa na akiba kubwa.

Hesabu hiyo ndiyo iliyomdanganya. Nambari ya kwenye kriki hueleza uzito inaoweza kuusukuma kwenda juu, ikiwa imesimama wima mahali pagumu. Haisemi lolote kuhusu uzito unaokwenda kando. Ndani yake mna mafuta na pistoni mbili, ndogo na kubwa, hila ileile ambayo Mwingereza Joseph Bramah aliipatia hataza mwaka 1795, na kinachoyazuia mafuta yasirudi ni vali ndogo na mpira mwembamba ambao vumbi letu jekundu huutafuna kimyakimya. Isitoshe kitako chake ni kidogo. Tuseme ni sentimita 10 kwa 10. Pua ya Hilux, pamoja na injini, ikiiegemea kwa kilo 800, kila sentimita ya mraba ya chini inabeba kilo 8. Weka ubao mnene wa sentimita 40 kwa 40, uzito uleule unashuka hadi nusu kilo. Mwalimu aliweka tofali, juu ya udongo ulionyeshewa usiku kucha.

Lakini si tofali lililomwangusha. Ua ule una mteremko kidogo kuelekea mtoni, mteremko usiouona mpaka mtoto aangushe chungwa. Magurudumu ya mbele yalikuwa hewani. Ya nyuma yalikuwa chini, na kitu pekee kilichoyazuia kuviringika kilikuwa gia. Sasa, gia inayashikaje magurudumu ya nyuma? Kwa kupitia kardani. Mwalimu alikuwa amemfunga ng'ombe kwa kamba, kisha akalala chini ya tumbo lake akaanza kuikata kamba.

Boliti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ilipotoka nilisikia chuma kikigonga chini, na gari likarudi nyuma hatua moja tu, taratibu, kama mtu aliyekumbuka jambo. Kriki ikalala. Pua ikashuka.

Magurudumu ya mbele hakuwa ameyatoa, na hilo ndilo lililomwachia uhai: gari lilitua juu ya mipira yake, chuma cha chini ya gia boksi kikamkandamiza bega na mbavu badala ya kummaliza. Tulikimbia wote kutoka kwenye foleni ya baki, tukashika bampa kila mtu upande wake. Hapo dereva mmoja wa lori, mzee, akapaza sauti: “Acheni! Mkiliinua litarudi tena. Kabari kwanza!”

Kabari alikuwa nayo mkononi tayari. Kila lori la njia hii lina kipande cha gogo kilichochongwa upande mmoja, na msaidizi wa dereva huruka nacho kwenye kila kilima. Alikisukuma nyuma ya gurudumu moja, akaweka jiwe nyuma ya la pili. Kisha akaleta kriki yake na mbao mbili. Kila alipoinua kidogo, kijana wake aliingiza gogo chini ya chesisi, ili likishuka tena lisishuke mbali. Ilichukua dakika nyingi, na mke wa mwalimu alikuwa akimwita jina muda wote.

Nilipovuka jioni, niliutazama mto nikiwaza habari za mizigo. Hapa hapa Banalia, Julai 1888, aliuawa kwa risasi Meja Edmund Barttelot, aliyeachiwa na msafiri Stanley wapagazi na shehena upande wa chini wa mto, Yambuya. Wengi wa wapagazi wale walitoka Unguja, na Kiswahili tunachogombania nacho nauli kwenye baki kilikuja huku na misafara kama ile. Shehena ile ilifunguliwa vipande ili kila kimoja kipate mtu wa kukibeba. Gari halifunguliki hivyo. Uzito wote uko juu yako kwa pamoja.

Nilipita tena miezi kadhaa baadaye, na baki ilikuwa ng'ambo kama kawaida. Mwalimu alikuwa uani. Mkono wa kulia haupandi juu ya bega. Ubaoni sasa anaandika kwa kushoto, na wanafunzi wanasema mwandiko umekuwa mzuri zaidi. Hilux ilikuwa imeinuliwa tena. Niliinama kutazama.

Magurudumu yote mawili ya nyuma yalikuwa na kabari, mbele na nyuma. Chini ya chesisi, kila upande, kulikuwa na magogo mafupi yaliyopangwa mawili mawili kwa kupishana, mabaki ya mbao ngumu kutoka kwa wapasuaji wa msituni. Kriki ilikuwa imewekwa kando kabisa, imefunikwa kitambaa.

“Matofali je, mwalimu?” nikamtania.

“Tofali likivunjika halikwambii. Na mwambie huyo dereva wa Land Rover pale kwenye foleni: breki yake ya mkono inashika shafti, haishiki gurudumu. Akiinua gurudumu moja la nyuma, gari lake litatembea tu, breki ikiwa imevutwa.”

Akaliegemea gari kwa bega zima, la kushoto, akalisukuma kwa nguvu zote mara tatu. Magogo yalilia kidogo, yakanyamaza. Akangoja bado. Kisha akatandika gunia, na kabla ya kulala chali akageukia jikoni.

“Mama, uko hapo?”

“Niko.”

“Unaniona miguu?”

Mkewe akatoka na sufuria yake, akavuta kigoda hadi penye kivuli, akaketi kumkabili. “Naiona. Ingia.”